Kabla Hujanunua Ua la Zambarau

Ua la kwanza la zambarau nililonunua kwa fedha yangu nililiua kwa siku 19. Lilikuwa kwenye kikopo cha plastiki, majani yake manene yana manyoya laini kama sikio la mtoto wa mbuzi, na katikati vimaua sita vya zambarau iliyokolea, kila kimoja na nukta mbili za njano. Nililipata kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Muuzaji alinihakikishia kwamba linapenda jua na maji mengi. Nikaliweka kwenye ukingo wa kibaraza, pale jua la saa nane linapochapa bila huruma, nikawa nalimwagia maji ya kisima asubuhi na jioni, juu ya majani, kama ninavyomwagilia mchicha. Wiki ya kwanza majani yakaota mabaka ya kahawia. Wiki ya pili kitovu cha mmea kikalainika. Siku ya 19 nilishika jani moja tu, mmea mzima ukanijia mkononi, shina limeoza.

Kiswahili kilikuwa kimeshanionya: ua la kunusa na tendo la kuua yamekaa jirani sana.

Nilipomsimulia shangazi yangu anayeishi Soni, njia ya kupanda Lushoto, alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mwanangu, hilo si ndilo la huku kwetu? Linaota mwambani, kivulini, kwenye ukungu. Wewe umelishusha pwani ukalianika kama dagaa."

"Lakini shangazi, muuzaji kaniambia linapenda jua."

"Muuzaji kalala nalo wapi?"

Tangu hapo, kila ninapotamani mmea najiuliza swali hilo la shangazi: ua hili kwao ni wapi, na huko kwao lililala juu ya nini? Kwenye maua ya zambarau swali hili ni la lazima, kwa sababu rangi inatudanganya. Mtu akipenda maua ya zambarau huyakusanya yote kama ndugu wa tumbo moja: bogenvilia, jakaranda, yungiyungi, urujuani. Undugu wao ni wa rangi tu. Mmoja ametoka penye ukame, mwingine matopeni, wa tatu ufa wa jabali. Ukiwapa wote ndoo moja ya maji kila jioni, wawili watakufa na wa tatu atakuchukia.

Basi kabla hujatoa pochi, fanya kazi moja isiyo na gharama. Chagua Jumapili uliyo nyumbani, chukua kipande cha chaki, uchore mpaka wa jua kwenye sakafu ya kibaraza au ukutani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Jioni utaona wazi ni wapi jua linakaa saa sita au zaidi, wapi linapita kidogo asubuhi na kuondoka, na wapi halifiki kabisa. Rudia baada ya miezi kadhaa, maana huku kwetu karibu na ikweta jua huhama: ukuta unaochomwa mwezi Juni waweza kuwa kivulini mwezi Desemba. Halafu onja maji yako. Ndiyo, onja. Kama ni ya kisima na yana chumvichumvi, yajue mapema, kwa sababu baadhi ya mimea nitakayoitaja itakuonyesha chumvi hiyo kwenye ncha za majani.

Tuanze na penye jua kali, maana ndipo walio wengi tulipo.

Bogenvilia haihitaji kutambulishwa. Lakini wengi wanaoipanda hulalamika: "Yangu inatoa majani tu." Ukiuliza, utakuta imepandwa karibu na bomba, imewekewa samadi debe zima na inamwagiliwa kila siku. Hiyo ni bogenvilia iliyoshiba, na aliyeshiba hana haraka ya kuzaa. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa kwenye msafara wa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye mmea. Ndani ya msafara huo alikuwamo msaidizi wa Commerson, Jeanne Baret, mwanamke aliyejigeuza mwanamume ili aruhusiwe melini, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Kila bogenvilia yangu inapochanua, mimi humkumbuka yeye kuliko mwenye meli.

Tazama kwa karibu hicho tunachokiita ua lake. Vile vitu vitatu vyembamba kama karatasi ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kimrija cheupe kidogo katikati, na kila jani la rangi limebeba kimoja. Ndiyo maana rangi hudumu wiki nyingi: jani halinyauki haraka kama ua.

Ili ichanue, ipe jua la saa sita kwa siku, udongo unaopitisha maji, kisha uinyime kidogo. Ikishashika mizizi, subiri hadi majani yaanze kulegea ndipo umwagilie, na ukimwagilia, lowesha kwelikweli halafu iache tena. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kata matawi mara baada ya mchanuo kuisha. Ukikata wakati vikonyo vimeshaanza kujitokeza, umekata sherehe yenyewe. Kwenye chungu huchanua vizuri kuliko ardhini, kwa kuwa mizizi imebanwa. Jambo moja tu inaloogopa ni kutikiswa mizizi. Ukiitoa kwenye mfuko wa nailoni, pasua mfuko kwa wembe na uuteremshe mmea pamoja na bonge lake la udongo. Ukilipukutisha bonge hilo, andika umepata hasara. Upepo wa chumvi wa baharini haiusumbui sana, kwa hiyo mtu wa Tanga, Bamburi au Mtwara mwenye ukuta mtupu unaotazama jua asihangaike kutafuta kingine.

Hapo hapo juani, ukitaka kitu ambacho jirani hana, tafuta petrea. Wenye vitalu wakubwa wanaijua kwa jina hilo hilo, Petrea volubilis. Ni mtambaa wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, majani yake yanakwaruza kama msasa, hata ukuni ungeweza kuulainisha kwayo. Ikichanua, hushusha mikufu ya vinyota vya zambarau. Ndani ya kila kinyota kuna kiua kilichokolea zaidi ambacho hudondoka baada ya siku chache, lakini nyota yenyewe hubaki ikipauka polepole. Petrea ni ya mtu mwenye subira; inaweza kukaa miaka miwili mitatu bila kukuonyesha kitu. Kuizalisha, inamisha tawi refu, lizike katikati yake kwenye chungu cha udongo, ligandamize kwa jiwe, usahau kwa miezi kadhaa, kisha ulikate likiwa na mizizi yake.

Usiichanganye na mtambaa mwingine wa zambarau ambao wauzaji watakusifia kwa kasi yake, Thunbergia grandiflora wa India. Kasi ndiyo kasoro yake. Una mizizi minene kama mihogo, ukikata huku unatokea kule, na jimbo la Queensland nchini Australia linapambana nao kama gugu. Ukiwa na shamba linalopakana na msitu, tafadhali usiupande. Ndugu yake asiyetambaa, Thunbergia erecta wa Afrika Magharibi, ndiye ninayempendekeza: kichaka cha kimo cha mtu, ua la zambarau iliyokolea lenye koo la njano, anavumilia kivuli cha nusu siku na anakubali kukatwa kuwa wigo. Kwa nyumba za Dar es Salaam na Mombasa, kama ningeruhusiwa kuchagua kichaka kimoja tu cha zambarau, ningechagua hicho.

Na kwa habari ya nyigo, kuna duranta. Mamia ya nyumba zina duranta na wenyewe hawajawahi kuliona ua lake, kwa sababu kijana wa bustani anapita na mkasi kila mwezi na kukata ncha ambazo ndizo zingechanua. Mwambie aache upande mmoja miezi mitatu. Utaona vishada vya zambarau yenye mstari mweupe, na vipepeo vitakuja vyenyewe. Baadaye vitatoka vitunda vya rangi ya dhahabu, vizuri sana, na vyenye sumu. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni ivikate vitunda hivyo kabla havijaiva, au iridhike na wigo usiochanua.

Vinka, kile kijimmea cha maua ya waridi yanayoelekea zambarau kinachoota hata kwenye nyufa za saruji, nacho usikitafune wala usikichemshe kuwa dawa kwa sababu umesikia kinatibu saratani. Ni kweli kwamba dawa za vincristine na vinblastine zilitoka kwenye mmea huo wa Madagaska, lakini zinapimwa kwa miligramu hospitalini, si kwa kikombe jikoni. Kama ua, hata hivyo, ni rahisi kuliko yote. Vivyo hivyo tradeskantia ya majani ya zambarau: msahaulifu apande hiyo. Kata kipande, chomeka, ondoka.

Kuna kichaka kimoja ambacho watu wa Nairobi, Arusha na Moshi wanakijua vizuri, na wa pwani wanakililia. Jina lake la biashara ukilitafsiri ni "jana, leo na kesho". Kitaalamu ni Brunfelsia. Ua hufunguka likiwa zambarau, siku inayofuata limepauka, siku ya tatu ni jeupe, na rangi zote tatu zinakaa kwenye kichaka kimoja kwa pamoja. Jioni hunukia. Asili yake ni Brazil, kwenye udongo wenye uchachu uliojaa majani yaliyooza, na hapo ndipo tatizo la pwani linapoanzia. Nyumba zetu nyingi zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Ukipanda Brunfelsia hapo, majani yatageuka njano huku mishipa ikibaki kijani: chuma kipo udongoni ila chokaa inauzuia mmea kukinyonya. Watu wakiona unjano huo huongeza majivu ya jikoni, na majivu huzidisha ubaya ule ule. Ipande kwenye chungu kikubwa, tumia mboji ya majani, imwagilie maji ya mvua uliyokinga, uiweke mahali penye jua la asubuhi tu. Na kama unafuga mbwa, iache kabisa. Mbwa akila matunda au majani yake hupata degedege, na anaweza kufa.

Majivu hayo usiyatupe; bogenvilia itayapokea, kiganja kimoja kila baada ya miezi kadhaa.

Jakaranda nitaipitia haraka, kwani ni mti wa mtaa kuliko wa nyumba. Kati ya Septemba na Novemba Nairobi hugeuka zambarau kwa ajili yake, na Arusha vilevile. Unataka nyanda za juu zenye miezi ya baridi na ukame; kwenye joto la unyevu la pwani hukua vizuri lakini huchanua kwa uchoyo. Kama una nafasi, upande mita nane au zaidi kutoka kwenye nyumba na mbali na shimo la maji taka. Maua yake yakianguka huteleza, na gari lililoegeshwa chini yake utaliosha kila siku.

Sasa tuingie majini. Hapa nina ombi na nina pendekezo.

Ombi ni kuhusu gugu maji. Ua lake ni zuri, sikatai: zambarau nyepesi, na kwenye petali ya juu doa la njano lililozungukwa na buluu, kama jicho la tausi. Uzuri huo ndio uliolitoa Amerika ya Kusini na kulisambaza duniani kwenye madimbwi ya matajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba nzima, likafunga bandari za Kisumu na Mwanza, wavuvi wakashindwa kutoka. Ilibidi waletwe wadudu maalumu, fukusi wadogo wa kulitafuna, ndipo likapungua, na hadi leo hurudi kwa misimu. Ukiliona linauzwa kwenye beseni pembeni ya barabara, usilinunue. Ukiwa nalo tayari, usilitupe mtaroni. Lianike juani likauke kabisa, kisha ulifukie shimoni.

Pendekezo ni yungiyungi letu wenyewe. Aina ya rangi ya buluu inayoelekea zambarau inaota kwenye madimbwi na mito iliyotulia ya Afrika Mashariki, na wataalamu wa mimea wameipa jina la kisiwa: Nymphaea nouchali, aina ya zanzibariensis. Huhitaji bwawa. Chukua beseni pana au pipa lililokatwa nusu. Jaza ndoo ndogo udongo mzito wa mfinyanzi (usitie mboji, itaelea na kuoza), panda kiazi chake, juu weka tabaka la kokoto ili udongo usitifuke, kisha shusha ndoo hiyo ndani ya pipa hadi maji yawe futi moja hivi juu yake. Liweke penye jua la saa sita. Ua litajitokeza juu ya maji, litafunguka asubuhi, litajifunga alasiri, na litafanya hivyo siku tatu nne kabla ya kuzama. Tia visamaki vidogo vya kula viluwiluwi, ama sivyo utakuwa umefungua shamba la mbu. Na kama kuna mtoto anayetambaa nyumbani, funika pipa kwa wavu mgumu wa chuma. Hilo la wavu halina mjadala.

Kwa wenye uzio tu na wasio na kingine, kuna mtambaa mmoja wa jamii ya kunde, Clitoria ternatea. Loweka mbegu usiku kucha, zifukie sentimita mbili mvua za kwanza zinapoanza, na baada ya wiki sita hadi nane utaona maua ya buluu nzito au zambarau, kutegemea mbegu. Kwa kuwa ni wa jamii ya kunde, hurutubisha udongo badala ya kuuchosha. Thailand na Malaysia hutumia maua yake kutia rangi vinywaji na wali. Chukua maua matano makavu, yamwagie maji ya moto, upate kikombe cha buluu. Kamulia ndimu, na mbele ya macho yako buluu inageuka zambarau, kwa sababu rangi yake hubadilika inapokutana na uchachu. Wajukuu hawatakuacha. Mbegu zake lakini zisiliwe.

Narudi sasa kwenye ua lililonishinda, kwa sababu ndilo ninalotaka tulijue kuliko yote.

Mwaka 1892 Tanga ilikuwa na mtawala wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Alikuwa mtu wa lugha vilevile. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Akaokota mmea huu mdogo, akaupeleka kwao kwa baba yake, baba naye akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akauandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya familia hiyo. Miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kilichagua miche bora kutoka kwenye mbegu za Ulaya, na kutoka hapo mmea ukaingia kwenye madirisha ya jikoni ya Marekani nzima. Leo aina zilizozalishwa ni maelfu. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia kwenye kundi la Streptocarpus, lakini Wajerumani mitaani bado wanauita urujuani wa Usambara, nami nitaufuata wito huo. Sisi tunaununua kwenye vikopo vya plastiki na wengi wetu tunadhani ni ua la Kizungu.

Kwao ni misitu ya Usambara Mashariki na Magharibi, Nguru, Uluguru, milima ya Taita upande wa Kenya, na hata miamba ya chokaa katika kaunti ya Kilifi. Shangazi alinipeleka kuuona. Hauoti kwenye udongo unaoweza kuitwa udongo. Umejishikiza kwenye ufa wa jabali, juu ya kuvumwani na majani yaliyooza, kitanda kisichozidi unene wa chapati. Juu yake kuna miti mirefu, kwa hiyo mwanga upo ila jua haligusi. Maji yanapita yakidondoka, hayakai. Ukiuona hapo, maelekezo yote ya kuutunza umeshayasoma.

Kwa hiyo chungu kiwe kidogo, upana wake theluthi moja ya upana wa mmea. Mchanganyiko uwe mwepesi: mimi nachanganya makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa mara tatu kuondoa chumvi, mboji iliyochekechwa, na chenga za mkaa, kila kimoja sehemu moja. Udongo wa bustani peke yake utaushindilia mizizi. Mwanga uwe wa dirisha la mashariki nyuma ya pazia jepesi. Majani yakinyooka juu na vikonyo vikirefuka, unaomba mwanga zaidi. Yakipauka na kujikunja kuelekea chini, umezidishiwa.

Maji ndiyo mtihani. Weka chungu kwenye kisahani, mimina maji kisahanini, subiri nusu saa, yaliyobaki yamwage. Usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke ukiugusa kwa kidole. Maji yawe na joto la chumba, kwani maji baridi yakidondokea jani huacha yale mabaka ya kahawia niliyoyaona mimi, na mabaka hayo hayafutiki. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie kabisa. Kinga maji ya mvua.

Wa Lushoto, Limuru, Bukoba, Iringa na Arusha, hali ya hewa iko upande wenu. Mmea huu unastarehe kati ya nyuzi 18 na 25 hivi. Wa Dar na Mombasa, sitawadanganya: kuanzia Desemba hadi Machi utateseka. Wangu nauhamishia chumba cha kuogea chenye dirisha na sakafu ya vigae, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, nauondolea maua yote ili usichoke, hadi masika ipoze hewa. Umepita misimu mitatu ya joto hivyo. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama vipande vya pamba, vikiingia kwenye maungio ya majani, viguse kimoja kimoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Usipulize dawa ya shambani ndani ya nyumba. Paka akilitafuna jani lake, halimdhuru.

Kuuzalisha ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Chagua jani la duara la katikati, si lile kuukuu la chini wala lile changa la kitovuni. Likate na kikonyo chake cha sentimita tatu, mkato wa mshazari, uliache nusu saa kidonda kikauke. Lichomeke kwenye mchanganyiko ule ule uliolowa kidogo, na juu yake funika chupa ya maji iliyokatwa kitako. Kaa mbali nalo. Mwezi mmoja kwa mizizi. Mwezi wa pili au wa tatu, chini ya jani mama vitachungulia vijani vidogo kama masikio ya panya. Vikifika ukubwa wa sarafu, vitenganishe, kila kimoja na kikombe chake. Maua utayaona baada ya miezi sita hadi tisa hivi.

Tukirudi kwenye rangi yenyewe, ina kasoro moja nisiyoambiwa na mtu: zambarau iliyokolea ukiitazama kwa mbali huzama kwenye kijani na kupotea. Bogenvilia iliyo ukutani utaiona toka barabarani kwa sababu ya wingi wake, lakini vichaka vidogo vipandwe karibu na unapokaa, mbele ya ukuta mweupe, au vipewe jirani wa njano. Mimi Thunbergia erecta yangu niliipanda mwisho wa kiwanja, nikawa naisikia kwa wageni tu kwamba imechanua. Nimeihamishia penye benchi.

Ukipita Amani, Lushoto au Taita na ukauona urujuani mwambani, usiung'oe. Aina zake kadhaa zimebaki sehemu chache sana, nyingine jabali moja au mawili tu, na kung'oa mimea kwenye hifadhi ni kosa kisheria. Tena mmea wa mwambani ukishuka bondeni na mizizi imechanika haufiki hata Segera. Muulize mwenyeji anayeutunza kwenye kopo barazani kwake, msalimie vizuri, kisha muombe jani moja. Lifunge kwenye karatasi iliyolowa, ulitie kwenye mfuko, litafika Dar likiwa zima. Langu nilipewa na shangazi, na sasa ni vikombe 11 kwenye dirisha la jikoni. Vinne nimeshavigawa.